Mwongozo Kamili wa Kuutembelea Uwanja wa Zamani wa Ndege za Mabomu Uingereza Bila Kurudi na Picha za Ngano Tu

Nimechoka kutumiwa picha za ngano. Mtu ananiuliza njia ya kwenda kwenye viwanja vya zamani vya ndege za mabomu huku Norfolk na Suffolk, mashariki mwa England, namwelekeza, anatoka London alfajiri, anazunguka shambani kwa saa tatu, jioni ananiandikia: "Ndugu, hakuna kitu kule. Ni mashamba tu." Halafu inafuata picha. Ngano, wingu, ngano. Nikiitazama vizuri naona amesimama katikati ya njia ya kurukia ndege.

Wote hukosea mahali pamoja. Wanatafuta majengo, na majengo mengi yalishabomolewa. Uwanja wa ndege za mabomu ni mchoro uliolazwa ardhini: njia tatu za kurukia zilizokatana, na barabara moja ya zege iliyozizunguka kama pete. Ukiipata pete, vingine vyote unavipata kwa kuhesabu hatua. Usipoipata, unaweza kupita mita kumi kutoka kwenye handaki la kujikinga na mabomu usilione.

Mwongozo huu ni wa viwanja vilivyojengwa kwa kipimo kimoja cha serikali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vile ambavyo Jeshi la Anga la Marekani lilirushia ndege zake kubwa za mabomu, B-17 na B-24, kuanzia 1942 hadi 1945. Kwa viwanja vya Waingereza huko Lincolnshire utakusaidia pia, maana kipimo kilikuwa kilekile.

## Vitu vya kuwa navyo

Ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ya kipimo cha 1:25,000, ya karatasi au ya simu. Ndiyo inayoonyesha njia za miguu za umma kwa vistari vya kijani. Ramani ya kawaida ya simu haitoshi, kwa sababu haikuambii una haki ya kupita wapi.

Simu iliyojaa chaji na pawabenki. Baridi hunyonya betri, na mtandao vijijini huku ni wa kubahatisha. Pakua ramani ukiwa nyumbani.

Dira. Ya simu inatosha.

Buti za mpira. Udongo wa huku ni mfinyanzi. Ukilowa unang'ang'ania viatu mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu. Viatu vya michezo viache nyumbani.

Suruali nzito na glavu, kwa ajili ya miiba na majani ya kuwasha.

Tochi, hata kama unatarajia kurudi saa nane mchana.

Fimbo ndefu. Itakuokoa na mashimo. Nitaeleza chini kwa nini siendi tena bila fimbo.

Picha moja ya zamani ya uwanja huo kutoka angani, iliyochapishwa kwenye karatasi. Hii ndiyo muhimu kuliko vyote, na ndiyo ambayo hakuna anayeibeba.

Kifaa cha kutafutia chuma usilete. Sababu iko Hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Chagua uwanja wa kujifunzia

Usianze na uwanja uliofutika. Anza na wenye mnara wa kuongozea ndege uliotunzwa, ili uwe na nukta moja ya uhakika ya kusimamia na kusoma mengine.

Mapendekezo yangu ni mawili. La kwanza ni Thorpe Abbotts, Norfolk, ilikokuwa Kundi la 100 la ndege za mabomu. Mnara wake sasa ni makumbusho. Garimoshi la London Liverpool Street kwenda Norwich hukushusha Diss, na kutoka hapo ni safari fupi ya teksi au baiskeli kuelekea mashariki. La pili ni Parham, Suffolk, ilikokuwa Kundi la 390. Huko nako mnara ni makumbusho, na wanaouendesha ni watu wa kujitolea ambao ukiwauliza swali moja watakujibu matano.

Seething nako mnara upo, lakini uwanja bado unatumiwa na ndege ndogo, na Tibenham huruka ndege zisizo na injini. Viwanja vya namna hii ni vizuri, ila usivuke kamwe njia ya kurukia kwa sababu tu umeiona kimya. Ndege isiyo na injini haitoi mlio wa kukuonya.

Ukishazoea, nenda kwenye vile vilivyogeuzwa matumizi. Hethel sasa ni nyumbani kwa kiwanda cha magari ya Lotus. Attlebridge, juu ya njia za kurukia kuna safu za mabanda ya bata mzinga, na mwenye macho ataona kwamba mabanda yenyewe yamefuata mstari wa njia ya kurukia, kwa hiyo yanakuchorea ramani bure. Eye, Suffolk, ni eneo la viwanda lenye mtambo wa umeme unaochoma kinyesi cha kuku. Eye naupenda kwa sababu nyingine: miongoni mwa waliomwaga zege lake ni askari Weusi wa Marekani wa vikosi vya uhandisi, enzi ambazo jeshi lao lilikuwa bado linawatenga na wenzao weupe. Jina la rubani utalikuta kwenye kibao. La mmwaga zege unalikanyaga.

Utajua umefanikiwa: una jina la uwanja mmoja, na unajua mnara wake umesimama au umebomolewa.

## Hatua ya 2: Ichore pete ukiwa nyumbani

Tenga jioni nzima kwa kazi hii. Naona watu wanaipa dakika tano, na ndiyo sababu hasa ya zile picha za ngano.

Fungua picha ya setilaiti ya uwanja wako na utafute mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, tafuta barabara nyembamba zinazopinda bila sababu. Barabara za shamba hufuata mipaka ya shamba. Barabara ya mzunguko haijali mpaka wa mtu: inakata mashamba kwa mkunjo mrefu, laini, kama iliyochorwa kwa bikari. Ifuate kwa kidole. Mara nyingi vipande vyake vinakatika na kuanza tena mbele, ila mkunjo unaendelea.

Pili, tafuta mistari iliyonyooka inayokatana ndani ya mkunjo huo. Kwa kipimo cha kawaida, njia kuu ilikuwa na urefu wa mita 1,830 hivi na nyingine mbili mita 1,280, zote zikiwa na upana wa mita 46. Njia kuu ilielekezwa kadiri ilivyowezekana upande wa upepo uliozoeleka, ambao huku hutoka kusini-magharibi. Hata palipong'olewa zege, ardhi ya chini ilishashindiliwa na kuachwa na kokoto, kwa hiyo mazao huota kwa unyonge juu yake. Kiangazi kikiwa kikavu, mstari hujitokeza kwa rangi ya njano katikati ya kijani.

Tatu, tafuta vijiduara vinavyoning'inia kwenye pete. Hayo ni maegesho ya ndege. Yapo ya namna mbili: kikaango, yaani duara moja lenye mpini, na miwani, yaani vitanzi viwili vilivyokaa pande mbili za kijia kimoja. Uwanja uliokamilika wa kundi la Wamarekani ulikuwa na maegesho kama 50. Leo ukikuta matano umebahatika.

Sasa linganisha na picha ya wakati wa vita. Tovuti ya Historic England, shirika la urithi wa kihistoria, ina hazina ya picha za angani unazoweza kuzitazama bure, nyingine zilipigwa na Wamarekani wenyewe. Programu ya Google Earth, ukirudisha nyuma tarehe za picha, kwa baadhi ya maeneo inafika miaka ya 1940. Na kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland unaweza kuweka ramani ya zamani upande mmoja na picha ya leo upande wa pili, vishale viwili vikitembea pamoja. Hapohapo kuna tabaka la vipimo vya leza vilivyochukuliwa na ndege, ambalo linavua miti yote na kukuonyesha matuta ya udongo yaliyo chini yake. Kwa maghala ya mabomu yaliyomezwa na misitu, tabaka hilo ni dawa.

Onyo: ramani nyingi za karatasi za wakati wa vita na miaka michache baadaye ziliviacha viwanja hivi makusudi, kwa usalama. Ukikuta ramani ya zamani inaonyesha mashamba matupu, usidhani umekosea mahali. Amini picha, si ramani.

Chapisha ile picha ya zamani. Kwa kalamu nyekundu pitisha barabara ya mzunguko. Kwa bluu, njia za kurukia. Kwa kijani, njia za miguu za umma kutoka Ordnance Survey. Mahali kijani kinapokutana na nyekundu, tia alama ya msalaba. Hizo ndizo sehemu utakazosimama.

Utajua umefanikiwa: una karatasi moja yenye misalaba angalau mitatu. Ukikosa hata mmoja, badilisha uwanja, au jiandae kuomba ruhusa.

## Hatua ya 3: Hakikisha una haki ya kupita

Karibu kila uwanja wa namna hii leo ni mali ya mkulima. Njia ya miguu ya umma inakuruhusu kupita juu ya mstari wake, si kutanga kulia na kushoto. Shambani utaziona kwa vibao vidogo: mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa bluu ni wa miguu, baiskeli na farasi.

Kwa England na Wales, kuingia shamba la mtu bila ruhusa kwa kawaida ni suala la madai, si la jinai. Wapo wanaosoma hivyo wakaona ni ruhusa. Siyo. Mwenye shamba ana haki ya kukuamuru utoke, na ukiharibu mazao au ukiacha lango wazi ng'ombe wakatoka, kesi inageuka sura. Zaidi ya hapo unawaharibia watakaokuja nyuma yako.

Kuomba ruhusa ni rahisi kuliko unavyodhani, na sisi tulizaliwa tukipiga hodi. Nenda hadi nyumba ya shamba mchana, si saa ya chakula cha jioni. Simama nje ya lango, msalimie, jitambulishe jina na unakotoka, kisha mwonyeshe ile karatasi yenye kalamu nyekundu. Karatasi hiyo inafanya kazi kuliko maneno. Mzee mmoja aliyenifungulia mlango akiwa amekunja uso aliichukua, akaitazama, akaniambia nimekosea kona moja, akaingia kuchukua koti lake ili anionyeshe mwenyewe. Tulizunguka saa mbili. Mwingine aliniambia hapana, nikamshukuru, nikaondoka. Zote mbili ni majibu.

Kuhusu kifaa cha kutafutia chuma: usikitumie bila idhini ya mwenye ardhi. Tena, mabaki ya ndege ya kijeshi iliyoanguka yanalindwa na sheria ya mwaka 1986 inayohusu mabaki ya kijeshi, na kuyafukua kunahitaji leseni ya Wizara ya Ulinzi. Unaweza kujikuta umechimba kaburi la mtu.

Utajua umefanikiwa: kila msalaba kwenye karatasi yako uko juu ya njia ya umma au una ruhusa ya mwenyewe.

## Hatua ya 4: Chagua wiki, si siku

Wageni huja Julai kwa sababu kuna joto. Julai ngano imefika kiunoni, miiba imefunga misitu, na majani ya kuwasha yamejaa kwenye kila mlango.

Wakati wenyewe ni kuanzia mwanzo wa Februari hadi mwisho wa Machi. Msimu wa kuwinda ndege aina ya fezanti unaisha tarehe 1 Februari, kwa hiyo misituni watu wenye bunduki wamepungua. Majani yamekauka na kulala. Mazao yako chini ya kifundo cha mguu. Jua liko chini, na jua la chini ndilo linaloonyesha matuta: kibonge cha sentimita 20 usichokiona saa sita mchana kinatupa kivuli saa tisa. Kuanzia Aprili, ndege wanatotoa kwenye nyua za miti na haifai kuwasumbua.

Makumbusho mengi ya minara hufungwa miezi ya baridi, basi ukitaka vyote viwili lenga wikiendi ya Machi na uangalie saa zao kwanza. Ukilazimika kwenda kati ya Oktoba na Januari, nenda Jumapili. Sheria hairuhusu kuwinda fezanti siku hiyo.

## Hatua ya 5: Anza na barabara ya mzunguko

Egesha gari pasipozuia lango la shamba, hata lile linaloonekana halijafunguliwa tangu Nuhu. Tembea hadi msalaba wa kwanza.

Hapa ndipo unapotumia namba tatu ambazo nakuomba uzikariri: 20, 50, 60. Ni hatua za mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida. Barabara ya mzunguko ilikuwa na upana wa mita 15, yaani hatua 20. Duara la kikaango ni mita 38 hivi, yaani hatua 50. Njia ya kurukia ni mita 46, hatua 60. Ukisimama juu ya zege usilolijua, hesabu kutoka ukingo hadi ukingo, na zege lenyewe litakutajia jina lake.

Tatizo ni kwamba wakulima wameibana barabara ya mzunguko: pale ilipokuwa hatua 20, leo huenda umebaki ukanda wa hatua nne wa kupitishia trekta, na kilichobaki kiling'olewa na kusagwa kuwa kifusi cha kujengea barabara. Kwa hiyo usiishie kuhesabu, soma na zege. La wakati wa vita lilimwagwa kwa vipande vikubwa vya mstatili, na maungio yake yakajazwa lami nyeusi. Uso wake umelika hadi mawe ya mviringo yamechomoza kama karanga kwenye kashata. Zege la mkulima la baadaye ni laini na halina karanga.

Chunguza kingo. Mara nyingine utakuta vikombe vya chuma vilivyozama kwenye zege, vilivyokuwa vya taa za kuongoza ndege usiku. Mara nyingine kuna alama ya kiatu cha mtu au mguu wa mbwa aliyekatiza kabla zege halijakauka.

Utajua umefanikiwa: umepata maungio ya lami, na ukitazama mbele unaona zege linapinda taratibu upande uleule linakopinda kwenye karatasi yako.

## Hatua ya 6: Tafuta njia kuu ya kurukia

Fuata pete hadi panapotakiwa kuwa na makutano na njia kuu. Simama, shika dira, elekea kwenye mstari. Linganisha nyuzi za dira na mstari wa bluu kwenye karatasi. Tofauti ikizidi nyuzi tano, hujafika au umepitiliza.

Hesabu upana. Ukipata 60, au ukapata 60 kwa kujumlisha zege lililobaki na ukanda wa mazao dhaifu pembeni, umefika.

Sasa tembea urefu wake kama njia ya umma inaruhusu. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika 22 hadi 25. Usipande baiskeli hapa. B-24 iliyojaa mabomu na mafuta ilikuwa na uzito wa tani 27 na zaidi, na ilitakiwa iwe imenyanyuka kabla ya hapo unapomalizia. Miguu yako ndiyo itakuelewesha ni wapi rubani alianza kuomba Mungu. Mimi huwa nasimama robo ya mwisho, naangalia miti iliyo mbele.

Uso wa lami ulikuwa ukinyunyiziwa vipande vya mbao ili kutoka juu ufanane na shamba. Usishangae ukikuta mbao zilizogandiana na lami kuukuu.

Onyo: usichimbe, usibandue, usiinue kipande cha zege. Mwanzoni mwa vita, baadhi ya viwanja vya Uingereza vilizikiwa mabomba yenye vilipuzi chini ya njia za kurukia ili viharibiwe adui akivamia. Mengine yalisahauliwa. Mwaka 2006 yalikutwa chini ya uwanja wa Lee-on-Solent, kusini, zaidi ya miaka 60 baadaye.

## Hatua ya 7: Maegesho

Fupi: ukiwa kwenye pete, kila unapoona zege limechomoza kuelekea nje, lifuate, hesabu 50. Ukisimama katikati ya duara, nyosha mikono: mabawa ya B-17 yangekupita kwa mita 14 na zaidi kila upande, maana kutoka ncha hadi ncha ilikuwa mita 31.6. Wakulima hupenda kutumia maduara haya kurundikia samadi au viazisukari vilivyovunwa, kwa hiyo rundo la samadi lililokaa peke yake katikati ya shamba ni ishara nzuri.

## Hatua ya 8: Sasa majengo

Mnara wa kuongozea ndege. Jengo la mraba la ghorofa moja juu, tofali lililopigwa plasta, roshani upande wa mbele na paa bapa. Uso wake hutazama njia za kurukia. Hata ukikuta madirisha yamezibwa, roshani ndiyo inayoutambulisha.

Hanga. Aina iliyoenea inaitwa T2: chuma na mabati, urefu wa mita 73 hivi na upana wa 35. Nyingi zilifunguliwa na kuhamishwa. Chunguza sakafu, vyuma vya reli za milango mikubwa mara nyingi hubaki.

Majengo ya matofali ya mstari mmoja. Fundi yeyote wa kwetu atayatambua mara moja. Kuta ni nyembamba, tofali moja kwa upana wake mfupi, zikashikiliwa na vinguzo kila baada ya mita tatu hivi. Yalijengwa yadumu miaka michache tu. Ukiona ghala la shamba lenye ukuta wa vinguzo vya namna hiyo, unatazama jengo la vita.

Vibanda vya Nissen. Bati la nusu duara kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Mara nyingi bati limeliwa na kutu, zikabaki kuta mbili za mwisho zenye mlango katikati, zimesimama msituni hazina kilicho kati yao.

Ukuta wa kujaribia bunduki. Ukuta mnene wa matofali uliosimama peke yake, wenye paa dogo la zege juu na rundo la mchanga ndani. Ndege iliegeshwa mbele yake, bunduki zikarekebishwa shabaha. Mchanga una risasi. Tazama, piga picha, usichokonoe.

Ndani ya majengo, mwanga wa tochi uulaze ubavuni mwa ukuta badala ya kuumulika usoni. Maandishi ya rangi yaliyofifia huibuka. Huko Horham, kwenye klabu ya askari iliyotunzwa, michoro ya mashujaa wa farasi na deraya bado iko ukutani.

Maonyo matatu. Bati la kijivu lenye mikunjo lililopasuka linaweza kuwa na asbesto: usilivunje, usilikanyage, usifagie vumbi lake. Popo hulala kwenye mahandaki na kuwasumbua ni kosa la sheria, kwa hiyo ukiwaona toka taratibu. La tatu nimelipia mwenyewe: nilikuwa natazama juu, napiga picha ya paa, nikaingiza mguu kwenye tundu la maji machafu ambalo mfuniko wake wa chuma uliibwa zamani na nyasi zikaota juu. Goti lilipona baada ya wiki tatu. Simu haikupona. Tangu siku hiyo fimbo hutangulia.

## Hatua ya 9: Ghala la mabomu na makazi

Ghala la mabomu liliwekwa mbali na watu, kwa kawaida ng'ambo ya uwanja kutoka kwenye hanga na makazi, na mara nyingi msituni. Tafuta kijia cha zege kinachoingia kwenye miti na kuzungukazunguka. Kando yake utakuta matuta ya udongo yaliyopangwa kama vyumba visivyo na paa. Kati yake ndipo mabomu yalipopangwa. Matuta yalikuwa ya kuelekeza mlipuko juu badala ya pembeni. Unapita katikati yake kimya, na miti iliyoota juu sasa ni minene kuliko kifua cha mtu.

Makazi nayo yalitawanywa, wakati mwingine kilomita mbili au tatu kutoka uwanjani, ili bomu moja lisiwaue wote. Kundi moja lilikuwa na watu kama 3,000, kwa hiyo tafuta alama za mji mdogo: tangi la maji la chuma juu ya miguu mirefu, vyoo vya tofali, na vichuguu vyenye mlango. Vichuguu hivyo ni mahandaki ya vipande vya zege vilivyofunikwa udongo. Mengi yamejaa maji. Chomeka fimbo kabla ya mguu. Maji meusi hayakuambii kina chake.

Ukiona chuma usichokielewa, kiwe kama chupa, kama bomba au kama yai: usikiguse wala usikisogeze ili upate picha nzuri. Ondoka kwa njia uliyojia, weka alama ya mahali kwenye simu ukiwa umeshafika mbali, piga 999 uwaambie polisi. Hawatakucheka. Kazi hiyo wanaifanya kila mara.

## Ukikwama

*Sioni pete kabisa.* Umesimama ndani yake. Tembea kwa mstari mmoja ulionyooka hadi ukute zege au ukanda wa mazao dhaifu unaopinda. Mzunguko wa uwanja kwa kawaida ni kama kilomita tano, kwa hiyo hutembei muda mrefu bila kuugusa.

*Hatua zangu hazilingani na 20, 50, 60.* Pima hatua zako nyumbani kwa futi kamba. Aliye mrefu atapata 18, 46 na 55. Andika zako nyuma ya mkono.

*Zege lipo, lakini ni jipya.* Fuata kingo zake. Mkulima mara nyingi humwaga jipya juu ya la zamani, na la zamani huchungulia pembeni likiwa na karanga zake.

*Mtu amekuja na gari akaniuliza nafanya nini.* Salimia kwanza, toa karatasi yenye kalamu nyekundu, mwache yeye aanze kuonyesha kwa kidole.

*Nimefanya yote, nimeona zege tu.* Nitumie picha za zege hilo, pamoja na idadi ya hatua ulizohesabu na nyuzi za dira. Picha za ngano sipokei tena.